Bibi wa Daytona: Maisha ya Mary McLeod Bethune

Mary Jane McLeod alizaliwa tarehe 10 Julai 1875 karibu na Mayesville, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya pamba katika jimbo la South Carolina, Marekani. Alikuwa mtoto wa 15 kati ya 17 wa Samuel na Patsy McLeod. Baba na mama walikuwa wamezaliwa utumwani, na kaka na dada zake wakubwa pia. Baadhi ya hao walitengwa na wazazi wao wakapelekwa kwa mabwana wengine, na ni baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865 ndipo familia ilipoweza kukusanyika tena. Patsy aliendelea kufanya kazi kwa bwana wake wa zamani hadi akapata fedha za kununua ekari tano. Juu ya ardhi hiyo Samuel na wanawe walijenga nyumba ya magogo kwa mikono yao. Humo aliishi pia bibi yao, Sophia, mtu wa sala na masimulizi, na Mary alikua akimsikia bibi huyo akizungumza na Mungu kama mtu azungumzaye na jirani.

Hakuna aliyejua kusoma katika nyumba hiyo, na haukuwa uzembe wa mtu. Tangu mwaka 1740 sheria ya South Carolina ilikataza kuwafundisha watumwa kuandika, na mwaka 1834 marufuku hiyo ikaongezwa hadi kusoma. Mary alikuja kusimulia mara nyingi tukio moja la utotoni. Alikuwa amefuatana na mama yake kupeleka nguo zilizofuliwa katika nyumba ya wazungu. Huko alishika kitabu kilichokuwa kati ya vitu vya kuchezea vya watoto, na binti wa nyumba hiyo akamwambia akiweke chini kwa kuwa yeye hawezi kusoma. Maneno ya mtoto kwa mtoto, ila yalimkaa. Kuanzia siku hiyo aliamini kwamba tofauti kubwa kati ya nyumba yao na nyumba ile ilikuwa kitabu.

Nafasi ilipatikana alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi. Kanisa la Presbiteri lilimtuma Mayesville mwalimu mweusi, Emma Jane Wilson, akafungua shule ya misheni. Wazazi waliweza kumwachia mtoto mmoja tu kutoka shambani, wakamchagua Mary. Alitembea kilomita nane hivi kwenda na nane kurudi, na jioni aliwakusanya nduguze na majirani akawafundisha alichokipata mchana. Hesabu nayo haikubaki kwenye vibao vya shule. Wakulima weusi walikuwa wakipunjwa kwenye mizani ya pamba kwa sababu hawakuweza kukagua hesabu za mnunuzi, na binti huyu akaanza kuwahesabia. Ualimu wake ulianza pale, kabla hajapata cheti chochote, na ulianza kwa kumlinda mtu maskini asiibiwe.

Ni katika shule hiyo pia ndipo mwalimu Wilson alipowasomea Yohana 3:16. Mary alieleza baadaye kwamba aya ile ilimfungua, kwa kuwa ahadi yake haikutaja rangi wala kumtoa mtu yeyote. Mtoto aliyezoea kuona milango yenye mipaka alikuta mlango mmoja usio na mpaka, na maisha yake yote alilihukumu kanisa na serikali kwa kipimo cha aya hiyo.

Alipomaliza masomo ya Mayesville alirudi shambani, kwani fedha za kuendelea hazikuwepo. Mnyama wa kulimia alikuwa amekufa na baba yake akalazimika kuweka shamba rehani ili apate mwingine. Mbali kabisa na hapo, katika mji wa Denver, Colorado, mshonaji nguo mmoja wa madhehebu ya Wakweka, Mary Crissman, alikuwa ameweka akiba kutokana na sindano yake na kuitoa kwa ajili ya kumsomesha mtoto mmoja mweusi atakayefanya vizuri. Mwalimu Wilson alimpendekeza Mary. Mwaka 1888 majirani waliacha kazi mashambani wakamsindikiza hadi stesheni ya treni, akaenda Scotia Seminary, shule ya bweni ya Wapresbiteri huko Concord, North Carolina. Huko aliona kwa mara ya kwanza walimu weusi na weupe wakila meza moja. Alisoma, akapika, akafua, akaimba kwaya, na akahitimu mwaka 1894.

Alitaka kuwa mmisionari Afrika. Alijiunga na chuo cha Biblia cha Dwight Moody huko Chicago, akasoma mwaka mmoja, akihubiri magerezani na kuimba katika mikutano ya Injili. Kisha aliomba kwa bodi ya misheni ya Presbiteri. Jibu lilikuwa kwamba hakuna nafasi Afrika kwa wamisionari weusi. Kanisa lililomfundisha kwamba ahadi ya Mungu haibagui ndilo lililombagua, tena kwa ajili ya bara la mababu zake. Bethune aliliita tukio hilo pigo kubwa kuliko yote maishani mwake. Hakuliacha kanisa. Alirudi Kusini na kuanza kazi ya kufundisha.

Aliyemwonyesha njia alikuwa Lucy Craft Laney, mwanzilishi wa Haines Institute katika mji wa Augusta, Georgia. Laney alizaliwa mwaka 1854, baba yake akiwa fundi seremala na mchungaji aliyejinunulia uhuru, na alijenga shule yake karibu bila chochote katika miaka ya 1880. Mary alifundisha hapo mwaka wa masomo wa 1896 hadi 1897. Wakati wa mapumziko aliingia mitaa ya jirani, akawakusanya watoto waliokuwa wakizurura, akawapa sabuni, nyimbo na shule ya Jumapili. Kwa Laney alijifunza kwamba mwanamke mweusi anaweza kusimamisha shule na kuiongoza mwenyewe, na kwamba watoto wanaomhitaji wako nje ya dirisha lake. Hamu ya Afrika haikuisha, lakini kazi alikuwa ameipata.

Kutoka Augusta alihamia Sumter, South Carolina, ambako alikutana na mwalimu mwenzake, Albertus Bethune. Walioana mwaka 1898, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao pekee, Albert. Wakahamia Palatka, Florida, ambako Mary aliendesha shule ya misheni na kuuza bima ya maisha ili kuongeza kipato. Ndoa haikudumu. Albertus aliondoka mwaka 1907 na hawakuishi pamoja tena, ingawa Mary alibaki na jina lake hadi mwisho.

Mwaka 1904 alisikia kuhusu Daytona. Reli ya pwani ya mashariki ya Florida ilikuwa imefungua eneo hilo kwa mahoteli ya matajiri wa Kaskazini, na vibarua weusi walikuwa wamefurika pamoja na familia zao bila shule ya maana kwa watoto. Alifika na mwanawe na dola moja na senti hamsini. Alipanga nyumba ya dola 11 kwa mwezi, akimwomba mwenye nyumba asubiri, na tarehe 3 Oktoba 1904 akafungua shule ya wasichana. Wanafunzi walikuwa wasichana watano, na Albert akiwa mvulana pekee. Masanduku ya mbao yalikuwa madawati, vijiti vilivyoungua vilikuwa penseli, na maji ya matunda ya porini yalitumika kama wino. Mwalimu alipita kwenye majalala na nyuma ya mahoteli akiokota taa zilizovunjika, viti vya miguu mitatu na vyombo vilivyotupwa. Kila kilichookotwa kilisafishwa na kukarabatiwa, na kazi hiyo ya kukarabati ikawa sehemu ya mafunzo.

Baada ya miaka miwili wanafunzi walikaribia 250. Fedha zilitoka kila mahali, na karibu zote zilianza na ombi la ana kwa ana. Mary na wasichana wake walioka pai za viazi vitamu usiku, wakawauzia vibarua wa ujenzi mchana. Kwaya ya shule iliimba kwenye mahoteli. Makanisa ya weusi, Wabaptisti na Wamethodisti, yalipitisha kapu la sadaka kwa ajili yake. Yeye mwenyewe alizunguka kwa baiskeli mlango hadi mlango, na aliyemnyima leo alimwona tena wiki ijayo akitabasamu. Kwa viazi hivyohivyo alipata malipo ya awali ya kiwanja kilichokuwa jalala la mji, eneo la kinamasi ambalo wenyeji waliliita shimo la kuzimu. Bei yake ilikuwa dola 250.

Kati ya matajiri aliowaandikia alikuwa James Gamble, wa kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble, aliyekuwa akipumzika Daytona kila majira ya baridi. Gamble alikuja kuona shule anayoombwa kuidhamini, akakuta vibanda na takataka, akauliza shule iko wapi. Bethune alimjibu kwamba iko akilini mwake na rohoni mwake, na kwamba anamwomba awe mdhamini wa kile alichokusudia kukijenga. Gamble alikubali, akakaa kwenye bodi hadi alipofariki. Thomas White, tajiri wa vyerehani, naye alitoa vifaa, maji na fedha za ujenzi baada ya kuona plasta isiyomalizika na cherehani chakavu. Mwaka 1907 shule ilihamia jengo lake la kwanza la kudumu, lililopewa jina la Imani. Mlangoni kuliandikwa kwamba anayeingia aingie kujifunza, na upande wa kutokea kwamba anayetoka aende kutumikia.

Imani kwake ilikuwa na ratiba. Siku ilianza kwa sala na Biblia, na hakuna aliyetoka shuleni hapo bila kujua kupika, kushona, kulima bustani na kuongoza shule ya Jumapili. Wapo wasomi weusi wa zama hizo waliolaumu elimu ya mikono kwamba inawaandaa watu kuwa watumishi wa wazungu. Lawama hiyo ilikuwa na uzito, na Bethune aliisikia. Kadiri miaka ilivyopita aliongeza sayansi, historia, lugha za kigeni na mafunzo ya ualimu na uuguzi, lakini hakuondoa jembe wala cherehani. Kwa macho yake msichana anayeweza kujilisha hawezi kutishwa kwa urahisi.

Siku za Jumapili alifanya mambo mawili yanayostahili kukumbukwa zaidi kuliko majengo. La kwanza ni kwamba wasichana walikwenda pamoja naye kwenye kambi za wagema utomvu wa misonobari, misituni nje ya mji. Wafanyakazi weusi wa kambi hizo waliishi kwenye madeni yasiyoisha na watoto wao hawakuwa na shule. Wanafunzi wa Daytona waliwafundisha kusoma, kuimba na kutunza usafi, na kazi hiyo ikazaa vituo kadhaa vya misheni. Mwanamke aliyekataliwa kwenda Afrika alikuwa sasa anawatuma wamisionari wake. La pili ni mikutano ya Jumapili mchana shuleni, ambako wenyeji na wageni wa mahotelini walikuja kusikiliza kwaya. Florida ya wakati huo ilitenga weusi na weupe kila mahali, kuanzia treni hadi makaburi. Katika ukumbi wa Bethune hapakuwa na viti vilivyotengewa wazungu. Aliyewahi aliketi alipopenda, na kibarua aliweza kuwa bega kwa bega na mwenye benki. Hakutoa tangazo lolote kuhusu utaratibu huo.

Mwaka 1911 alifungua hospitali. Sababu ilikuwa mwanafunzi mmoja aliyeugua ghafla kidole tumbo. Hospitali ya wazungu ilikubali kumpasua baada ya kuombwa sana, lakini Bethune alipokwenda kumwona alimkuta amelazwa kwenye veranda ya nyuma, karibu na jiko. Hospitali yake ilianza na vitanda viwili, ikapewa jina la McLeod, ikafunza wauguzi weusi na kuwahudumia watu waliokuwa wakifukuzwa kwingine kwa zaidi ya miaka 15.

Wanawake wa Marekani walipopata haki ya kupiga kura mwaka 1920, Florida ilikuwa na vizuizi vyake kwa weusi, yaani kodi ya kichwa na mtihani wa kusoma. Bethune alizunguka tena kwa baiskeli yake kukusanya michango ya kodi hiyo, na jioni alifundisha watu wazima kusoma ili wafaulu mtihani. Katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1920 watu wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, wakiwa wamefunika nyuso, waliandamana hadi uwanja wa shule kuwatisha. Bethune aliamuru taa zote ziwashwe, akasimama mahali pa kuonekana, na wasichana wakaimba nyimbo za kanisa. Waandamanaji walipita wakaondoka. Wapiga kura wake walikwenda vituoni.

Mwaka 1923 shule yake ilikubali kuungana na Cookman Institute ya Jacksonville, shule ya wavulana na wasichana iliyoanzishwa na Wamethodisti mwaka 1872. Bethune alihitaji mlezi mwenye mfuko wa kudumu, kwani shule haiwezi kuishi milele kwa pai. Yeye mwenyewe akawa Mmethodisti. Chuo kikaitwa Bethune-Cookman, naye akawa mkuu wake hadi mwaka 1942, mmoja wa wanawake wachache mno wa Marekani waliokuwa wakiongoza chuo cha wavulana na wasichana. Aliipenda Methodisti kwa ukali wa mama. Alihudhuria mikutano yake mikuu kama mjumbe, na matawi ya kanisa hilo ya Kaskazini na Kusini yalipoungana mwaka 1939 kwa sharti la kuwaweka Wamethodisti weusi katika jimbo lao la pekee, alisimama na waliopinga. Walishindwa, na jimbo hilo la ubaguzi lilidumu karibu miaka 30. Hata hivyo alibaki Mmethodisti.

Sehemu ya maisha yake inayojulikana zaidi ni ile ya Washington. Mwaka 1935 aliunganisha vyama vya wanawake weusi katika Baraza la Taifa la Wanawake Weusi, akaliongoza hadi mwaka 1949. Rais Franklin Roosevelt alimpa mwaka 1936 kusimamia masuala ya weusi katika idara ya taifa ya vijana, iliyowapa ajira na masomo vijana wakati wa mdororo wa uchumi. Aliwakusanya maofisa wengine weusi wa serikali nyumbani kwake, wakapanga pamoja la kudai na la kungojea. Urafiki wake na Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, ulimfungulia milango ya Ikulu. Mwaka 1945 alikuwa San Francisco kwenye mkutano ulioanzisha Umoja wa Mataifa, pamoja na wanaharakati wa haki za weusi W. E. B. Du Bois na Walter White. Katika mkutano wa Birmingham, Alabama, mwaka 1938, mwenyekiti mzungu alimwita kwa jina la kwanza mbele ya umati, kama wazungu wa Kusini walivyozoea kuwaita weusi wote, wazee kwa watoto. Bethune, mwenye miaka 63, alitaka kwanza aitwe Bi Bethune. Kila anayejua uzito wa kumwita mtu mzima kwa heshima yake ataelewa kwa nini alisisitiza hivyo.

Nyumbani Daytona alikuwa bibi. Mwanawe Albert alipata mtoto wa kiume, na Bethune akamlea mjukuu huyo chini ya paa lake, katika nyumba ya mbao ndani ya uwanja wa chuo. Mjukuu alikua kati ya vitabu, maombi ya asubuhi na wageni wasioisha, Eleanor Roosevelt akiwa mmoja wa waliolala humo, na alipokuwa mtu mzima alifanya kazi katika maktaba ya chuo cha bibi yake. Wajukuu wa kitabu, yaani wanafunzi wake, walikuwa wengi zaidi. Bethune alikuwa na pumu, na alipenda kutembea na fimbo, si kwa ulemavu bali kwa madaha, naye aliwakagua wanafunzi kucha, kola na viatu kabla ya ibada. Weusi walipokuwa wamefungiwa fukwe za Daytona, yeye na wenzake walinunua miaka ya 1940 kipande cha pwani kusini mwa mji ili watoto weusi nao waogelee baharini. Sehemu hiyo bado inaitwa Bethune Beach.

Afrika aliifikia akiwa na miaka 76. Mwaka 1952 serikali ya Marekani ilimtuma Liberia katika ujumbe wa kuhudhuria kuapishwa kwa Rais William Tubman, na Liberia ikamtunuku nishani ya Nyota ya Afrika. Karibu miaka 60 ilikuwa imepita tangu bodi ya misheni imwambie kwamba hakuna nafasi. Alikwenda sasa akiwa mgeni wa dola, mwenye chuo nyuma yake na maelfu ya wanafunzi.

Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Bethune aliishi mwaka mmoja na siku moja baada ya hukumu hiyo. Katika miezi yake ya mwisho aliandika wosia, uliochapishwa na jarida la Ebony mwezi Agosti 1955. Mali alikuwa ameshaikabidhi, kwani nyumba yake na nyaraka zake zilikuwa chini ya wakfu aliouanzisha mwaka 1953. Alichogawa kwenye wosia kilikuwa upendo, tumaini, kiu ya elimu, imani, heshima ya rangi yake, na wajibu kwa vijana. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 18 Mei 1955 nyumbani kwake, akazikwa jirani na nyumba hiyo.

Chuo kiliendelea kukua na kikapata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2007. Sanamu yake iliwekwa Lincoln Park mjini Washington mwaka 1974, na mwaka huohuo nyumba yake ikatambuliwa kuwa mahali pa kihistoria pa taifa. Mwaka 2021 jimbo la Florida liliondoa kutoka bunge la taifa sanamu ya Edmund Kirby Smith, jenerali aliyepigania upande wa wenye watumwa, na mwaka 2022 mahali pake likaweka ya Bethune, ya marumaru kutoka Carrara, kazi ya mchongaji Nilda Comas. Ni ya kwanza ya Mmarekani mweusi katika mkusanyiko wa sanamu mbili mbili zinazotolewa na majimbo. Amechongwa akiwa amevaa joho la kuhitimu, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili ua la waridi jeusi, alama aliyoichagua mwenyewe baada ya safari ya Ulaya mwaka 1927.